Mkataba mnauongelea lini?

Haya wadau, nimerudi kijiweni. Wiki mbili sijaandika kwa sababu ya tesiti, na ya Saikolojia ya Elimu bado inanisubiri Jumatatu, lakini hili dukuduku haliwezi kungoja.

Juzi jioni sisi wa mwaka wa tatu tulikusanywa ukumbini tufundwe namna ya kujiandaa na ajira. Mtoa mada kapendeza, suti, kiatu kinang'aa. Saa nzima kaongelea tai, kucha, kutabasamu, na CV isiyozidi kurasa mbili. Sawa, sikatai, kuna wenzetu wanaingia kwenye usaili wanatafuna bigijii. Halafu dada mmoja wa viti vya nyuma akauliza: "Nikishapata kazi, mkataba naudai lini?" Ukumbi ukacheka. Mtoa mada naye akacheka: "Wewe pata kazi kwanza." Makofi. Tukarudi kwenye tai.

Mimi sikucheka.

Nilipomaliza kidato cha sita, wakati nasubiri chuo, nilipata kibarua cha kufundisha Hisabati kwenye shule moja binafsi kule nyumbani. (Najua, kufundisha bila cheti wala leseni, hilo nalo lina mjadala wake, tuliache.) Mwenye shule aliniita ofisini, akanipa soda, akasema laki na nusu kwa mwezi, "wewe ni kama mwanangu". Nikaitikia "ahsante mzee" huku nimeinamisha kichwa. Mtu mzima kakukaribisha soda, unaanzaje kumwambia akuandikie? Tumelelewa kuona kwamba kudai maandishi ni kumwita mtu mwongo.

Mwezi wa kwanza nikalipwa. Wa pili nikapewa elfu sitini, eti wazazi hawajalipa ada. Wa tatu na wa nne mzee akawa ananikwepa, na siku nilipomdaka getini akaniambia kumbe mimi sikuajiriwa, nilikuwa "najitolea", ile ya mwanzo ilikuwa nauli tu. Kujitolea! Vipindi 24 kwa wiki, na zamu juu! "Una karatasi gani?" akaniuliza. Sikuwa nayo. Kitu pekee chenye jina langu pale shuleni kilikuwa daftari la mahudhurio, lile tunalosaini asubuhi kabla mkuu hajapiga mstari mwekundu (na niseme ukweli, mara kadhaa nilisaini chini ya mstari). Nalo lililala kabatini kwake. Laki tatu na tisini elfu zikaishia hapo. Mama alikuwa ameshazipigia hesabu za godoro na nauli ya kuja chuo.

Baadaye sana, niko hapa kimbwetani, ndiyo nikaisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nilichoka. Mwajiri anatakiwa, unapoanza kazi, akupe kwa maandishi kazi yako ni ipi, unaanza lini, mkataba ni wa aina gani na wa muda gani, unafanyia wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Tena mkifikishana kwenye shauri na yeye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Sasa ona, yule mzee ananiuliza karatasi iko wapi wakati karatasi yenyewe ilikuwa deni lake! Na hilo la kujitolea, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inasema mtu anayepangiwa na mwingine saa za kazi au namna ya kuifanya anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ningeweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila mgogoro kama wangu unatakiwa ufike kule ndani ya siku 60, na kwa aliyeachishwa kazi ni siku 30. Mimi nilipojua, mwaka ulishapita.

Ndiyo maana yale makofi ya juzi yameniuma. Tunafundishwa azimio la kazi, andalio la somo, kila kitu kiandikwe na kisainiwe, halafu mtu anatoka hapa na digrii hajui kuomba barua ya ajira. Sisemi ukagonge meza. Walimu wanaelewa lugha ya faili: "Mzee, naomba barua ya ajira niiweke kwenye faili langu." Ikishindikana, ukitoka pale mtumie ujumbe wa shukrani na utaje humohumo mshahara na tarehe ya kuanza. Akijibu "sawa", usiufute. Ratiba yenye jina lako ipige picha. Na ukiona unakatwa NSSF, nenda mwenyewe ukaulize kama michango inafika, maana makato kwenye karatasi ya mshahara ni kitu kimoja na pesa kufika ni kingine.

Mwenzangu wa chumbani anasema nina maneno ya mtu mwenye bumu mfukoni. Ajira ngumu, ukiuliza sana anachukuliwa mwingine asiyeuliza. Hapo kanibana, sina jibu zuri. Nachojua ni kwamba mimi sikuuliza, na bado sikulipwa.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu, na Jumatatu naye anaanza kufundisha mahali. Jana kanipigia, furaha tele. Nikamuuliza wamekuandikia? Kimya. Halafu: "Dada, si wataniona mjuaji?" Nimemwandikia ule ujumbe wote, yeye aweke jina la mkuu tu na autume. Tiki mbili za bluu naziona tangu jana usiku. Hajajibu.

Nikitoka kwenye tesiti nitawajuza.