Tahadhari kwa Wapiga Rangi: Hadina ya 2K Inaharibu Mapafu

Ndugu fundi, kabla hujachanganya rangi ya 2K na kuijaza kwenye bunduki ya kupulizia, soma onyo hili hadi mwisho. Linakuhusu wewe unayepiga rangi Land Rover kuukuu uani kwako. Linakuhusu pia wewe uliyeko Uingereza, uliyenunua gari la vipande na sasa unataka kulimalizia ndani ya banda la nyumbani. Kopo dogo la hadina, lile unalochanganya na rangi ili ikauke na kuwa ngumu, lina kemikali ziitwazo isosianati. Ukizivuta zikiwa ukungu zinaweza kukuachia pumu ya maisha, na shambulio la pumu hiyo linaweza kuua.

Kazi ya bodi za alumini ni mojawapo ya zinazowaingiza watu katika hatari hii. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini, kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Lotus Seven ilifuata mwaka 1957, ikiuzwa kwa vipande ili mwenye gari ajiundie mwenyewe, na tangu 1973 kampuni ya Caterham imeendeleza muundo huohuo wenye mabati ya alumini. Alumini haili kutu nyekundu kama chuma, lakini haishiki rangi kirahisi. Ukimaliza tu kuikwangua kwa msasa, hewa inaanza kuivika upya utando mwembamba wa oksaidi, na rangi iliyopakwa bila maandalizi hubanduka vipande vipande. Kwa hiyo fundi hutia praima ya asidi, kisha praima ya kujazia, kisha rangi na klia. Naye akitaka mng'ao unaodumu na usioyeyushwa na petroli iliyomwagika, huchagua 2K.

Rangi hiyo ni nzuri kweli. Ubaya wake uko katika namna inavyoingia mwilini.

Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, inasema wapiga rangi za magari wana hatari ya kupata pumu mara 80 hivi zaidi ya wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Umoja wa Ulaya nao, tangu Agosti 2023, unamtaka kila anayetumia kikazi bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya diisosianati, ambazo ni aina ya isosianati, awe amepata mafunzo kwanza. Huku kwetu Afrika Mashariki kopo hilohilo linauzwa dukani kwa yeyote mwenye fedha, na mara nyingi muuzaji hasemi neno.

Ugonjwa wenyewe huja kimyakimya. Fundi anaweza kupuliza kwa miezi au miaka bila kuona lolote, akaamini kuwa mwili wake umezoea. Mwili hauzoei. Siku moja unaanza kuikataa kemikali hiyo, na tangu hapo hata kiasi kidogo sana kinatosha kubana kifua. Dalili zake ni kikohozi kikavu, kifua kulia, macho na pua kutiririka, na pumzi kukata. Mara nyingi hazitokei gereji. Zinatokea jioni au usiku wa manane, mtu akiwa nyumbani, naye anadhani ni mafua au vumbi la barabarani. Kama unapata nafuu siku za mapumziko na kubanwa tena ukirudi kazini, usisubiri. Nenda hospitali, na umwambie daktari waziwazi kwamba unapuliza rangi ya 2K.

Sasa tuangalie kinga ambazo watu wanaziamini bure. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Barakoa ya vumbi haizuii. Ile ya mpira yenye vichujio viwili pembeni nayo usiitegemee: isosianati hazina harufu ya kukuonya mapema, kwa hiyo kichujio kikishindwa hutajua. Kinachotakiwa ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Hewa hiyo ipite kwenye vichujio vya kuondoa mafuta na maji, na kompresa ya injini isivute moshi wake yenyewe, kwani moshi huo una kaboni monoksaidi.

Kosa kubwa hufanyika baada ya kazi. Fundi anamaliza mkono wa mwisho kwenye boneti, anaweka bunduki chini, anainua barakoa, anasogeza uso karibu na bati, anamulika tochi kutafuta mahali palipochuruzika. Wakati huo chumba bado kimejaa ukungu asiouona. Katika chumba cha kawaida unaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kuondoka, na kwenye banda lisilo na feni huchukua muda mrefu zaidi. Usivue barakoa ndani. Toka nayo ikiwa usoni, uivue ukiwa kwenye hewa safi.

Ukungu huo haumchagui mtu. Kijana anayeshika taa, mama anayeuza chakula kando ya ukuta wa gereji, mtoto aliyekuja kutazama: wote wanavuta hewa ileile, nao hawana hata barakoa ya vumbi. Usipulize 2K barazani, uani wala kandokando ya njia. Jihadhari pia na makopo ya spreyi ya 2K, yale yenye kitufe chini cha kuachia hadina; udogo wake haupunguzi ukali. Ngozi nayo ilindwe, maana isosianati ikigusa ngozi inaweza kuuanzishia mwili ugonjwa huohuo. Vaa glavu za naitrili, funika mikono, na usinawe kwa thina.

Chunga vumbi vilevile. Praima za zamani za alumini, hasa zenye rangi ya njano au ya kijani-njano, mara nyingi zilitiwa kromati ya zinki, nayo husababisha saratani ya mapafu. Ikwangue kwa maji, usiikwangue kavu, na usipeperushe vumbi kwa kompresa. Vumbi laini la alumini lenyewe hulipuka. Tarehe 2 Agosti 2014, katika kiwanda cha kung'arisha rimu za alumini mjini Kunshan, China, vumbi lililoachwa kurundikana lililipuka na kuua watu 146. Fagia taratibu kila siku, lisikae karibu na cheche, na likishika moto usilimwagie maji. Lifunike kwa mchanga mkavu.

Huna vifaa vya hewa safi? Basi usipulize 2K, hata mara moja. Andaa bati mwenyewe, kisha lipeleke kwa gereji yenye chumba cha kupulizia na mfumo wa kuvuta hewa. Au tumia rangi isiyo na hadina, uipake kwa brashi au rola, kisha uipige msasa laini na kuing'arisha. Au iache alumini wazi, kama wenye Lotus Seven wengi walivyofanya tangu zamani.

Wenye gereji, sheria za usalama kazini za Tanzania za mwaka 2003 na za Kenya za mwaka 2007 zinawabebesha ninyi jukumu la kumlinda mfanyakazi. Nunueni barakoa za hewa kabla ya kununua bunduki nyingine, na wapelekeni mafundi wenu wakapimwe mapafu kila mwaka. Wauza rangi, mwambieni mnunuzi kilichomo ndani ya kopo la hadina kabla hajalipa. Nawe fundi, mwonyeshe mwenzako onyo hili leo, kabla hajachanganya kopo lake linalofuata. Rangi ikiharibika hukwanguliwa ikapigwa upya. Mapafu yakiharibika hayana mkono wa pili.