Tanzia ya Mji Ulio Hai

Kila aililiaye Tanga huililia Raskazone: klabu za kuogelea, bustani, majumba ya Kijerumani. Mji umekufa, asema. Umemfia nani? Ufukwe ule wakoloni walijitengea wao. Makuli, ambao migongo yao ilipakia mkonge bandarini, makao yao yalikuwa Ngamiani, kusini mwa reli. Katika miaka ya 1960 bei ya mkonge iliporomoka, na starehe za ufukweni zikafifia. Lakini Tanga haikunyamaza. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, na ile sauti ya Shakila, zilivuma pwani nzima katika miaka hiyohiyo tunayoambiwa ni ya msiba! Basi waja leo waondoka leo wasituandikie tanzia. Kwanza wavuke reli.