Jini Halishiki Panga

KUTOKA MILIMANI
Na Zaina Singano

Vijana wa huku juu Lushoto wamenogewa na sizoni za upelelezi wa mambo ya majini. Polisi wanaitwa kwenye maiti, daktari haoni chanzo cha kifo, mwishowe inabainika kwamba aliyeua si binadamu. Flashi moja inatoka Malindi, inapita Lukozi, inafika Mlalo, na ikirudi imeshajazwa nyingine. Siwalaumu. Ukungu ukishuka shambani hakuna kazi tena, na hadithi ya kutisha mkiitazama wengi kwenye kibanda umiza, mmejifunika makoti, ina raha yake. Lakini kuna sehemu moja nimeitazama, imenichoma, na leo naisema.

Ni ya The X-Files, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1993. Sehemu yenyewe inaitwa Teliko, ilirushwa Oktoba 18, 1996. Ndani ya ndege iliyotoka Burkina Faso, abiria mweusi anakutwa chooni amekufa, ngozi imekuwa nyeupe pe. Baadaye huko Philadelphia wanaume weusi wanapotea, na maiti inayopatikana nayo imepauka vilevile. Scully, mpelelezi ambaye pia ni daktari, anashuku ugonjwa. Mwenzake Mulder anakwenda kwa ofisa wa ubalozi wa Burkina Faso, naye anamsimulia habari za pepo aliyemwona utotoni mwake. Muuaji anakuja kuonekana ni mhamiaji kutoka nchi hiyohiyo, mtu ambaye mwili wake hauwezi kutengeneza rangi ya ngozi, kwa hiyo anaishi kwa kuifyonza ya wenzake.

Tafakari hapo. Anayekosa rangi ndiye mwindaji.

Mtunzi wa Hollywood ana ruhusa ya kubuni. Sisi tunaotazama tukiwa Tanzania hatuna ruhusa ya kusahau. Huku kwetu mtu asiye na rangi ndiye aliyewindwa. Kuanzia mwaka 2007 hivi, habari za kuuawa na kukatwa viungo kwa watu wenye ualbino zilianza kutoka kwa wingi Kanda ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, hadi Kagera. Umoja wa Mataifa ulikuja kutaja zaidi ya watu 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, na mmoja wao alikuwa amekamatwa na viungo vya mtoto huyo. Mei 2024 tukadhani ndoto mbaya imerudi, mtoto mdogo alipoporwa nyumbani kwao Muleba. Juni mwili wake ukapatikana, na watu tisa wakafikishwa mahakamani. Watu, wenye majina, wenye simu mfukoni.

Kijana mmoja pale kibandani, picha ilipokwisha, aliniamkia vizuri kisha akaniuliza, "Shangazi, hivi haya mambo si yapo kweli? Si ndiyo maana hata viungo vinanunuliwa?"

Nilimjibu kwamba vinanunuliwa kwa sababu yupo mwenye fedha anayenunua, yupo mganga anayetaja bei, na yupo mwenye panga anayetumwa. Pepo ameingia wapi hapo? Akanyamaza, kisha akasema hilo halijasemwa kwenye sizoni yoyote aliyoiona. Kweli, halijasemwa.

Aliyelisema kwa vitendo ni mwanamke wa Kitanzania. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema, akiwa BBC, alikwenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa akijifanya mteja, akauliza bei ya viungo, akatajiwa. Alipotoa habari hiyo alitishiwa maisha hadi ikabidi ajifiche. Mwaka 2010 akapewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi. Angetaka kufuata mkondo wa tamthilia, angeandika juu ya nguvu za giza na kila mtu angesisimka. Yeye alifuata bei. Ukifuata bei, pepo anakosa pa kukaa.

Nasi tulikuwa na mpelelezi wa namna hiyo zamani, hata kabla ya Uhuru. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957-58 na kuchapishwa 1960. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa amekufa mzimuni, mahali ambapo watu wazima hupita kwa adabu na watoto hawapiti kabisa. Kila jirani ana jibu tayari: mzimu umekasirika. Mpelelezi, Bwana Msa, anakuja na kiko chake na rafiki yake Najum. Haukejeli mzimu wala hamtukani anayeuamini. Anauliza tu nani alimwona marehemu mara ya mwisho, ana ndugu gani, na mali yake inakwenda wapi.

Abdulla kabla ya kuwa mhariri alifanya kazi idara ya afya kama mkaguzi, yaani bwana afya. Baadaye alihariri gazeti la Mkulima. Naona alama ya kazi ile ya kwanza kwenye kila ukurasa wa Bwana Msa. Bwana afya akiambiwa nyumba ina mkosi, watoto wanaharisha wakafa, hufunua kisima kwanza.

Na sisi Wasambaa tusijione tuko mbali na hofu za namna hii. Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi uliokaa Vugha, anasimuliwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi kuwa alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Kigego. Ndugu walisema mtoto wa namna hiyo huleta vifo katika ukoo. Sasa soma vizuri uone hofu hiyo ilifanya kazi lini: wazazi walipokufa na mali ikawa ya kugawanywa. Kigego akanyimwa urithi. Alizunguka porini na mbwa wake akiwinda nguruwe, akaingia milima hii, akaua simba, akatawazwa. Kila mara nikisikia masimulizi hayo, huwa nawawaza vigego ambao hawakuua simba, ambao hakuna aliyewaandika.

Kanda ya Ziwa kuna mauaji mengine ya muda mrefu, ya vikongwe wanaoitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu. Njoo Malindi saa kumi na mbili asubuhi, uingie jikoni kwa bibi yeyote anayepikia mafiga matatu. Kuni ni mbichi kwa ukungu, hazishiki. Bibi anainama, anapuliza, moshi unamrudia usoni, anafuta machozi kwa ncha ya kanga, anapuliza tena. Amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Macho yake ni mekundu kama ya wale waliouawa, kwa sababu ileile. Tofauti ni kwamba sisi tunajua ni moshi. Na kule, waliofuatilia mauaji hayo wamekuta mara nyingi chini ya neno uchawi pana shamba, ng'ombe au mirathi, na mjane ambaye watu walichoka kumsubiri afe.

Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, enzi ya Mwingereza. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku ramli chonganishi. Marufuku ni nzuri, lakini mteja wa ramli hajafundishwa swali lingine la kuuliza akifiwa ghafla. Jioni anakaa mbele ya televisheni, na televisheni inamwambia swali lake lilikuwa sahihi: ni nguvu gani imeua? Hiyo ndiyo kero yangu na Teliko na wenzake. Inamzoesha mtazamaji kumtafuta muuaji kwenye kivuli, naye muuaji amekaa msibani, anakunywa chai na wafiwa.

Sidai filamu za majini zifungiwe. Ninachodai ni kwamba vituo vyetu, TBC, ITV, Azam, vituonyeshe upelelezi wa upande wa pili. Kazungumzeni na wenye haki za vitabu vya Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale upo, Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 kipo, vingine vipo. Lugha ni yetu, mandhari ni yetu, na waigizaji tunao wa kutosha. Mtoto wa Lukozi anayejua Mulder alivaa tai gani amjue pia Bwana Msa.

Nawe msomaji, ukifiwa na mganga akakuletea jina la jirani, usilipeleke kwa ndugu zako wenye hasira. Mpeleke mganga huyo polisi, na uwaombe wachunguze nani alikuwa anagombania mali ya marehemu.