Radio tunaificha, mnunuzi tunamwacha

Wasomaji wetu, leo tuseme juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: radio ya motokari. Wakubwa wa inchi wako na mambo yao makubwa, nasi tutarudi kwa hayo kesho. Lakini Jumatatu asubuhi, mbele ya nyumba yetu ya kazi hapa Lubumbashi, mwenzetu mmoja alikuta kioo cha mlango kimevunjwa, vipande vimejaa kwenye kiti. Pale radio ilikuwa, palibaki paka tundu na nyuzi zinaninginia.

Sentineli, baba wa watoto, alisimama pale anatetemeka. «Patro, minaapa, sikulala. Mvua ilikuwa inanyesha sana, sikusikia kitu.» Kabla ya saa nne watu walikuwa wamekwisha kumhukumu. Mmoja anasema njo yeye aliuza. Mwingine anasema hapana, ni wale vijana wanaosafisha motokari pale kwenye kona. Kijana mmoja wao, hata miaka 18 hajafikisha, alipigwa makofi mbele ya watu wote na mifuko yake ikatafutwa. Walikuta kitambaa chenye maji na noti moja ya franga 500. Radio, hapana.

Hesabu yenyewe ni ya kushangaza. Radio ile mwenzetu aliinunua dola 45. Kioo kilimuomba dola 70, na siku mbili za kukitafuta. Mwizi yeye, bila shaka, aliiachilia kwa dola 10 ao 15, sababu mwenye kuuza haraka habishane bei. Yaani ili mtu mmoja apate dola 15, mwingine amepoteza zaidi ya 100, sentineli amekaribia kupoteza kazi, na kijana amepoteza heshima yake. Njo maana tunaandika.

Kwanza tujiulize: juu ya nini kila motokari hapa iko na radio ya kununua sokoni? Si kiburi tu. Motokari nyingi za mji wetu zinatoka Japani. Zinashuka bandarini Dar es Salaam ao Durban, zinapita Zambia, zinaingia kwa Kasumbalesa. Sasa, kule Japani radio za FM zimetengenezwa kusikiliza kuanzia 76 mpaka 90, na zile mpya mpaka 95. Huku kwetu vituo vinasambaa kuanzia 87,5 mpaka 108. Kwa hiyo unanunua Toyota nzuri, unafungua radio ili usikie habari, na unasikia upepo tu, ao vituo vile vichache vya chini. Tena kioo chake kinakuandikia Kijapani na kukuomba karte ambayo ilibaki kwao. Shofere wa taksi hawezi kushinda kutwa nzima namna ile. Abiria wanapenda muziki, wanapenda habari, na siku ya mupira hawapandi motokari isiyo na sauti. Radio ni chombo cha kazi.

Basi watu wananunua nyingine, wanaiweka. Na kwa sababu vipimo ni vya dunia nzima, milimita 180 kwa 50, ao 180 kwa 100 kwa zile kubwa, radio inayotoka katika motokari moja inaingia katika nyingine bila shida. Urahisi huo unamsaidia fundi. Unamsaidia na mwizi pia.

Tulienda kuuliza mafundi wa umeme wa motokari namna gani watu wanajikinga. Tunaleta hapa yale yaliyoonekana kuwa na akili, sababu mwenye kuficha kitu chake si mwoga.

Njia ya kwanza ni ile radio yenye uso wa kutoka. Ukizima motokari, unatoa uso, unaweka mfukoni. Bila uso, mwili uliobaki hauna kazi. Lakini watu wetu wengi wanatoa uso na kuuweka kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, kisha wanakwenda kunywa bia. Mwizi anajua kisanduku kile kuliko mwenye motokari! Ukitoa uso, tembea nao. Kama hauwezi kutembea nao, hakuna faida ya kuutoa.

Njia ya pili ni kufunga radio kwa nyuma na kipande cha chuma na bulo. Inamchelewesha mwizi, na mwizi hapendi kuchelewa. Lakini fundi mmoja alituambia ukweli: «Akisha kuvunja kioo, hataki kurudi mikono mitupu. Atakokota mpaka plastiki yote ya mbele inapasuka.» Chuma kinaokoa radio, hakiokoi kioo.

Radio zenye namba ya siri nazo ni nzuri, sababu ikitolewa kwenye batri haisemi tena mpaka uandike namba. Ila mwizi usiku hajui kama radio yako iko na namba. Atajua kesho, wakati wewe umekwisha kupoteza. Njo maana wenye radio za namna ile wanaweka karatasi kwenye kioo ao ka taa kekundu kanakowaka na kuzima: ili mwizi asome mbele ya kuvunja.

Njia ya nne njo ilitufurahisha. Shofere mmoja wa taksi hakutupa radio yake ya Japani. Ameiacha pale pale mbele, na vumbi lake, na maandishi yake ya Kijapani. Radio ya kweli iko ndani ya kisanduku cha mbele ya abiria, nyuzi zimepita nyuma ya plastiki, na kisanduku kinafungwa na ufunguo. Wengine wanaweka chini ya kiti mashini ndogo inayopokea muziki kutoka kwa telefone, na mbele hakuna kitu kinachoonekana. Mwizi anaangalia kwa dirisha, anaona kitu kisichomfaa, anapita.

Lakini tahadhari. Radio inapata moto. Ukiifungia mahali pasipo hewa itakufa mapema. Chini ya kiti, wakati wa mvua, maji ya viatu yanaingia. Iwekwe juu ya kipande cha mbao ao plastiki. Na zaidi ya yote, nyuzi. Uzi wa njano unakula umeme saa zote, hata motokari imezimwa. Ule mwekundu unaamka pamoja na ufunguo. Mweusi unakwenda kwa chuma cha motokari. Ukirefusha uzi wa njano ili kufika mahali pa kuficha, weka fuzibo karibu na batri, na uzi usisuguane na chuma. Kuunganisha kwa kuzungusha na vidole na kufunga na skochi njo kunaleta moto. Tusimkimbie mwizi tukaunguza motokari.

Hayo ni ya kufanya leo. Ila tusidanganyane: kuficha kunahamisha mwizi, hakumalizi. Akikosa kwako, atapata kwa jirani.

Turudi kidogo kwa ile radio ya Japani. Juu ya nini mwizi anaiacha? Kioo ni kile kile, mlango ni ule ule, usiku ni ule ule. Anaiacha kwa sababu hakuna mtu atakayeinunua. Basi! Hapo njo kuna jibu lote. Mwizi haibi radio ili asikilize muziki kwake. Anaiba kwa sababu kesho, mbele ya saa sita, kuko mtu anamungojea na franga mkononi.

Na mtu yule ni nani? Si mtu wa mbali. Jumatatu ile ile, kisha kelele kupunguka, tuliulizana ndani ya ofisi: nani kati yetu iko na fakture ya radio yake? Tulikuwa sita wenye motokari. Mmoja tu aliinua mkono. Wengine tuliangaliana. Mmoja alinunua kando ya barabara, kwa kijana aliyeitoa ndani ya mfuko. Mwingine aliletewa na fundi: «Patro, niko na moja ya bei muzuri, usiulize.» Na hakuuliza. Kati ya wale watano kulikuwa na yule aliyevunjiwa kioo. Na kuko mmoja aliyekuwa wa kwanza kusema sentineli afukuzwe.

Sheria ya Congo haimwadhibu mwizi peke yake. Mwenye kupokea kitu akijua kimeibwa, naye iko na kosa na anaweza kufungwa. Lakini nani amekwisha kuona mnunuzi wa radio akipigwa makofi kwenye kona? Makofi yanaangukia kijana wa kitambaa. Hasara inaangukia sentineli, ambaye mshahara wake hautoshi kununua hata kioo. Inaangukia shofere wa taksi, ambaye patro wake anamwambia: «Utalipa radio yangu kidogo kidogo», na kila jioni anakata kwenye ile pesa ndogo iliyobaki ya kupelekea watoto unga. Mnunuzi yeye anaendesha, vioo vimefungwa, sauti juu.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache.

Kwa wenye motokari: andika namba ya radio yako mahali, nyumbani, iko nyuma ya mwili wake. Chora jina ao namba ya motokari juu ya chuma kwa msumari. Radio yenye alama inauzwa kwa shida. Na ukinunua, omba fakture, hata ikiwa ni karatasi ndogo yenye tarehe, namba na sahihi. Muuzaji akikasirika kwa sababu umeomba karatasi, umekwisha kupata jibu.

Kwa mafundi: nyinyi mnajua. Radio inayokuja na nyuzi zimekatwa na kisu haikutolewa na mwenyewe, sababu mwenyewe anatoa kwa kuchomoa. Mafundi wa kila barabara wakipatana kutoweka radio ya namna ile, biashara itakauka kwa muda mfupi. Mwenye kuweka radio njo mlango wa mwisho. Ukifungwa, wizi hauna njia.

Kwa viongozi wa komine na polisi: taa za barabarani ziwake, maana usiku wenye giza ni rafiki wa mwizi. Na msiende kukamata paka vijana wa ndoo na kitambaa. Ulizeni pia mahali vitu vinapouzwa, mchana, mbele ya watu wote.

Kwa sisi sote: tuache kuhukumu na makofi. Leo ni makofi. Tumekwisha kuona katika inchi yetu namna gani makofi yanageuka mawe, na mawe yanageuka tairi na petroli. Radio ya dola 45 haiwezi kuwa bei ya mtu.

Wazee wanasema siku za mwizi ni arobaini. Ni kweli. Lakini mwenye kumnunulia tunamhesabia siku ngapi?

Kijana yule hajarudi tena kwenye kona. Ndoo yake iko bado pale, imelala chini ya ukuta. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, na sisi tuliokuwa pale tukitazama hatukusema neno. Tunalisema leo katika gazeti hili, tumechelewa. Kama anasoma, ao kama kuko mtu wa kumsomea, ajue hivi: hakuiba. Na sisi, watano kati ya sita, hatujui radio zetu zilitoka katika motokari ya nani.