Gongo, Nyonga na Somo la Fizikia

Tangu miaka ya 2010 mchezo wa besiboli umekuwa ukifundishwa katika baadhi ya shule za sekondari nchini Tanzania, na mwaka 2018 uwanja wake ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani. Swali lililo mbele ya mwalimu wa Nansio ni hili: je, wanafunzi wa Ukerewe wangoje mpaka vifaa vivuke ziwa ndipo waanze kujifunza kupiga mpira? Jibu listahililo ni hapana.

Aghalabu hudhaniwa kuwa mpigaji hodari ni mwenye mikono minene. Dhana hiyo ni potofu, nayo huwavunja moyo wenye maumbo madogo, wavulana kwa wasichana, kabla hawajashika gongo. Nguvu ya pigo huanzia miguuni, ikazungusha nyonga, kisha kiwiliwili, na mikono huipokea mwisho. Mpasua kuni yeyote aijua siri hiyo: shoka lake husukumwa na mwili mzima.

Hata hivyo nguvu pekee haitoshi. Katika mchezo wa watu wazima mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira urushwao kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa hufika kabla ya nusu sekunde kutimia. Hapana budi mpigaji autazame tangu unapotoka mkononi mwa mrushaji, na gongo lake lisiwe zito mno. Akilishika juu kidogo ya mwisho wa mpini, hulizungusha kwa wepesi zaidi.

Mambo hayo yapimika darasani bila gharama. Mwanafunzi na ashike kwa vidole viwili ncha ya mti ulionyooka, wa unene mmoja, uning'inie. Mwenzake augonge kwa kijiwe kuanzia chini kwenda juu. Mahali pengi vidole vitahisi mtikisiko, lakini baina ya theluthi mbili na nne ya tano ya urefu, kutoka vidoleni, ipo sehemu ambapo mtikisiko huwa hafifu. Hapo ndipo mti upaswapo kukutana na mpira. Kisha mpira wa matambara, uliowekwa juu ya kigingi kifikacho kiunoni, watosha kwa mazoezi; wengine wasimame mbali, kwani gongo likiponyoka huumiza.

Wako watakaosema kuwa mchezo mgeni utapoteza muda wa masomo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mchezo ungefundishwa kwa amri tupu. Lakini mwanafunzi aliyepiga mara kumi kwa mikono pekee, na mara kumi kwa kuzungusha nyonga, akapima umbali na kulinganisha wastani, ametenda kazi ya mwanasayansi. Vifaa vikivuka ziwa siku moja, vimkute anajua namna ya kuvitumia, na sababu yake.