Alama za SAT: Utume au unyamaze?

Kama unaomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, umeshakutana na neno "hiari". Chuo kinakwambia kutuma alama za SAT au ACT ni uamuzi wako, nawe unashusha pumzi. Ngoja kwanza.

Mara nyingi hiari hiyo ni ya kujiunga tu. Pesa ni habari nyingine. Kuna vyuo vitakavyokuchukua bila alama, lakini vikifika kwenye ufadhili wa wanaofanya vyema masomoni, vinaziangalia. Vingine, kama University of Alabama, vimekuwa na jedwali kabisa: alama hizi, pesa hizi. Kwa hivyo usiishie kwenye ukurasa wa kujiunga. Fungua ule wa ufadhili, usome hadi chini, na usipoelewa waandikie uwaulize. Wanajibu.

Kwa Mkenya jambo hili si dogo. Karo ya huko ni maelfu ya dola kwa mwaka, na kabla ya kuomba viza lazima uonyeshe pesa zitatoka wapi. Ukikubaliwa bila ufadhili, umepata barua nzuri ya kuonyesha majirani, basi. Halafu kuna KCSE: unaufanya Novemba, matokeo yanatoka Januari, ilhali vyuo vingi hufunga maombi kati ya miezi hiyo hiyo. Anayesoma fomu yako ukiwa bado kidato cha nne ana ripoti za shule asiyoijua. Alama nzuri ya SAT ni kitu anachoweza kukilinganisha.

Nzuri ni ngapi? SAT huishia 1600. Vyuo vingi hutangaza alama za wanafunzi wao wa katikati, lakini kumbuka takwimu hizo zimepanda kwa sababu walio na alama za chini hawakuzituma. Ukiwa katikati, unaweza kupata nafasi. Ukitaka pesa, lenga robo ya juu. Ukiwa chini kabisa na hakuna jedwali unalofikia, nyamaza tu, wacha insha na ripoti zako ziongee.

Usipoteze nguvu pasipohitajika pia. University of California haiangalii alama hizo hata ukituma. Nazo Harvard na wenzake wa Ivy League hawatoi ufadhili wa alama. Wanaangalia uwezo wa familia yako, ingawa Harvard yenyewe imerudisha sharti la mtihani.

Ndiyo, mtihani wenyewe unapendelea wenye nacho. Ada inapita dola 100, na si kila kaunti ina kituo. Lakini mazoezi ya Khan Academy ni ya bure, hata kwa simu. Cha kuangalia sasa ni tarehe, maana makataa ya ufadhili mara nyingi huja mapema kuliko ya kujiunga, na ukichelewa hapo hakuna wa kumlilia.