Mgonjwa wa Ukurasa wa Kati

Waandishi wenzangu, hadithi zetu zina wagonjwa wa aina mbili tu. Wa kwanza hufa ukurasa wa mwisho, watu wakalia. Wa pili hupona ukurasa wa mwisho, watu wakapiga vigelegele. Yule wa ukurasa wa kati, asiyekufa na asiyepona, mbona simwoni? Namtafuta kwa sababu ndiye mimi.

Nilipasuliwa mgongo miezi 14 iliyopita. Diski, kile kimto laini kati ya pingili mbili, ilikuwa imechomoza na kuubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Daktari akakitoa kipande kilichobana. Kidonda kimefunga, kovu halizidi urefu wa kidole. Lakini hadi leo sikai kitini zaidi ya nusu saa, na usiku mguu wa kushoto unawaka kama umepakwa pilipili. Basi mtaani nasikia: "Si ulishapasuliwa wewe? Jikaze, mshikaji!" Eti jikaze! Kujikaza kungekuwa dawa, si kungeuzwa dukani?

Haya, tupige hesabu, maana machozi hamyaamini. Mshipa wa fahamu ulioharibika ukianza kuota upya, huenda kiasi cha milimita 1 kwa siku. Toka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu ni kama mita 1. Piga mwenyewe: siku 1,000, karibu miaka 3. Na si kila mshipa unafika. Tena kuna wakati jeraha limeshapona, ila mishipa na ubongo vimezoea kupiga king'ora, vinaendelea kukipiga hata mwizi akishaondoka. Maumivu yakipita miezi 3 madaktari huyaita sugu, na hayapigwi picha ya eksirei yakaonekana. Wala hatuko wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Siku hizi uji hapewi, maswali anajaziwa. Kijana akiomba kiti kwenye daladala hutazamwa juu mpaka chini kama tapeli. Mwanamume akisema naumwa, anadeka. Mwanamke akisema, ana maneno. Watu wameyatoa wapi haya? Hadithi za shujaa asiyeguna hata akichanwa zimo katika lawama.

Najua kuna atakayeniuliza: nani atasoma kisa kisicho na mwisho? Ndugu yangu, mtazame Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko. Uti wake wa mgongo ulivunjika katika ajali ya basi mwaka 1925. Mwaka 1944 akajichora kifua kimepasuka, mahali pa uti wa mgongo pana nguzo iliyovunjika, misumari mwili mzima. Miaka 2 baadaye akapasuliwa mgongo New York. Maumivu hayakumwacha mpaka alipofariki mwaka 1954. Picha ile haisemi atapona wala atakufa, na watu wanaitazama mpaka leo.

Sasa shikeni kalamu. Mwandikeni mtu anayesherehekea kuvaa soksi mwenyewe. Leo ametembea hadi bombani, kesho hadi dukani kwa Mangi, keshokutwa yuko kitandani tena na hakuna alichokosea. Mpeni mke anayechoka, rafiki aliyeacha kuja, bosi anayehesabu siku. Mpeni na utani pia, maana tunacheka sana sisi, hata kama kucheka kunauma. Msimponye ili msomaji alale vizuri, wala msimuue ili mpate mwisho.

Na mkikutana naye barabarani, msimuulize atapona lini. Muulizeni leo ameamkaje, kisha msubiri jibu.